Kabla ya zima-washa: nani kaipa kompyuta yako namba?

"Fundi, WiFi inashika ila intaneti haipo."

Ukifanya kazi ya mitandao Dar es Salaam, sentensi hiyo utaisikia kabla hujamaliza chai. Itatoka steshenari ya Sinza, ofisi ya wakala wa forodha jirani na bandari, au ghorofa la Kariakoo ambalo maduka thelathini yanagawana laini moja. Na kabla hujauliza chochote, mwenye simu anaongeza kwa fahari: "Nimeshazima nikawasha mara tatu."

Anachojivunia ni kufuta ushahidi. Rauta nyingi za bei ya kawaida huweka orodha ya walioazima anwani kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ukichomoa umeme, orodha imekwenda na rekodi za matukio zimekwenda nayo. Hitilafu inatulia saa mbili tatu, kila mtu anaamini imepona, halafu inarudi mchana wakati foleni ya wanafunzi wanaoomba mkopo wa chuo imefika barabarani.

Ndani ya "intaneti haipo" kuna maswali mawili, na ukiyachanganya utahangaika siku nzima. La kwanza: je, kompyuta imepewa namba yake ya mtandao (anwani ya IP), na imepewa na nani? Hiyo ni kazi ya DHCP. La pili: je, ikitajiwa jina kama tra.go.tz, kuna anayeigeuzia jina hilo kuwa namba? Hiyo ni kazi ya DNS. Yote mawili yanajibika bila kugusa swichi ya umeme, na mara nyingi kwa simu, wewe ukiwa bado kwenye foleni ya Ubungo.

Mistari minne

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha:

ipconfig /all

Itamwagika mistari mingi. Inayotakiwa ni minne, chini ya kadi ile inayotumika, ya kebo au ya WiFi: IPv4 Address, Default Gateway, DHCP Server na DNS Servers. Mazungumzo ya simu huwa hivi:

"Dada, nisomee palipoandikwa IPv4 Address."

"192.168.1.24."

"Na DHCP Server?"

"192.168.1.1."

"Kompyuta ya jirani yako je?"

"Hii inasema 192.168.100.37. Mbona hazifanani?"

Hapo kazi imekwisha nusu. Kompyuta mbili za chumba kimoja, kwenye swichi moja ya mtandao (kile kisanduku kinachounganisha kebo), zimepewa namba na wagawaji wawili tofauti. Kuna rauta ya pili humo ndani, na mwenye duka pengine hajui.

Ili uone kwa nini jambo hilo linawezekana, tazama namba inavyotolewa. Kompyuta ikiingia kwenye mtandao haina anwani. Inapaza sauti kwa wote, kutoka 0.0.0.0 kwenda 255.255.255.255: nani anagawa? Mgawaji anajibu: chukua hii. Kompyuta inasema: sawa, naiomba hiyo hiyo. Mgawaji anamalizia: ni yako, kwa muda huu. Hatua nne, mlango wa namba (port) wa UDP 67 upande wa mgawaji na 68 upande wa mwombaji, kwa kanuni iliyoandikwa mwaka 1997. Katika mazungumzo hayo hakuna mahali kompyuta inapouliza kitambulisho cha mgawaji. Kwa kawaida anayewahi kujibu ndiye baba mwenye nyumba.

Na ni kupanga kweli, si kununua. Namba ina muda wa pango. Muda ukifika nusu, kompyuta inamrudia mgawaji yule yule kuomba kuongezewa. Asipojibu, ikifika asilimia 87.5 inaomba kwa yeyote atakayesikia. Pango likiisha kabisa, inaachia namba. Ndiyo maana mgawaji anaweza kufa asubuhi na watu wakaendelea kufanya kazi hadi jioni bila kushtuka, wakidondoka mmoja mmoja kadiri mapango yao yanavyoisha.

Fundi mzoefu huijua rauta kwa namba yake hata kabla hajaiona. 192.168.100.x mara nyingi ni kile kisanduku cha faiba cha Huawei. 192.168.88.x ni MikroTik ambayo haijabadilishwa mipangilio. 192.168.8.x ni modemu ya laini ya simu ya Huawei. 192.168.137.x maana yake kuna mtu amewasha kugawana intaneti kwenye kompyuta yake ya Windows, na huyo mtafute haraka. 172.20.10.x umeshika hotspot ya iPhone ya mtu, na ile 192.168.43.x ni ya Android za zamani. Unaweza kukuta "WiFi ya ofisi" ni bando la katibu muhtasi.

Ikianza na 169.254

Namba hii haikutolewa na mtu. Windows imeuliza, haikujibiwa, ikajipa yenyewe. Simu katika hali hiyo hubaki imeganda kwenye "inapata anwani ya IP" kisha inajitoa. Kuna jaribio moja linaloligawa tatizo katikati: mpe kompyuta namba kwa mkono. Kama mtaa wenu, yaani mtandao wenu wa ndani, ni 192.168.100.x, weka 192.168.100.250, kinyago (Subnet mask) 255.255.255.0, lango (Default gateway) 192.168.100.1, halafu:

ping 192.168.100.1

Lango likijibu, njia ni nzima; mgonjwa ni mgawaji. Lisipojibu, shuka kwenye kebo, plagi na mlango wa swichi, mgawaji muache kwanza. Ukimaliza jaribio rudisha mipangilio iwe ya kujipatia yenyewe. Namba za mkono zilizosahaulika ndizo zinazozaa kesi za mwezi ujao.

Umeme wa kukatika na kurudi una tabia yake hapa. Ukirudi, vyote vinaamka pamoja, lakini havimalizi pamoja. Kompyuta inaweza kuwa imeshauliza wakati kisanduku cha faiba bado kinapepesa taa, ikajipa 169.254, na baada ya hapo Windows huuliza tena kila baada ya dakika 5. Usikimbilie kuzima tena kila kitu. Subiri taa ya faiba itulie, kisha kwenye kompyuta:

ipconfig /renew

Ni sekunde chache. Kwa walionunua UPS ndogo ya rauta, soma kibandiko kilicho chini ya rauta kwanza: zipo za volti 9 na zipo za volti 12, na plagi zao zinaweza kuingiliana hata kama volti hazilingani. Adapta yenye ampea pungufu huwasha taa zote vizuri, halafu watu wakianza kutumia kwa wingi rauta inajizima na kujiwasha yenyewe. Mteja atakuapia ni virusi.

Kwenye swichi kubwa za ofisi kuna jambo jingine linalowapiga chenga hata mafundi. Itifaki ya kuzuia mzunguko wa data (STP) hushikilia mlango uliochomekwa sasa hivi kwa sekunde kama 30 kabla ya kupitisha chochote: 15 za kusikiliza, 15 za kujifunza. Kompyuta imeshawaka, imeuliza, imekata tamaa. Milango inayoenda kwa kompyuta na printa iwekwe kuwa milango ya pembeni (edge port), ipitishe mara moja. Usiweke hivyo mlango unaoenda kwenye swichi nyingine.

Kuhusu kebo sina mengi. Mpangilio ni chungwa-nyeupe, chungwa, kijani-nyeupe, buluu, buluu-nyeupe, kijani, kahawia-nyeupe, kahawia, pande zote mbili sawasawa, na isizidi mita 100. Ile kebo ya bei chee, ambayo ni alumini iliyopakwa shaba, ikwanguwe kwa kisu: ndani ni nyeupe. Inakatika ikikunjwa, na Masaki au Kigamboni, kwenye upepo wa chumvi, plagi zake huota ukungu wa kijani mapema. Taa ya swichi itawaka, data itapita kwa kusuasua.

Fungu likiisha

Rauta nyingi hutoka kiwandani na fungu la anwani mia moja hivi, tuseme kutoka .100 hadi .199, na pango linaweza kuwa limewekwa saa 24. Kwa familia ya Tabata ni nyingi mno. Kwa mgahawa wa Mikocheni unaopokea watu 150 kwa siku, piga hesabu: kila simu inayoingia inashika namba hadi kesho yake saa ile ile, hata kama mwenyewe alikunywa juisi dakika arobaini akaondoka. Mteja wa mia na moja hapati kitu, ingawa ndani wamekaa watu ishirini. Mwenye mgahawa atakwambia WiFi "inachoka mchana". Atazima, atawasha, orodha itafutika, na kweli itafanya kazi. Kwa hiyo kesho atazima tena.

Dawa ni kupunguza pango liwe saa moja, kisha kupanua fungu lianzie .20 hadi .250. Kama bado haitoshi, badilisha kinyago kiwe 255.255.254.0 upate anwani 510 badala ya 254. Hapo kuna mtego: vifaa vyote vilivyopewa namba kwa mkono, kama printa, kamera na mashine ya mahudhurio, navyo vibadilishiwe kinyago, la sivyo vitaiona nusu ya mtandao tu.

Simu za siku hizi zina namna yake pia. Tangu Android 10 na iOS 14, simu haitoi namba halisi ya kadi yake ya mtandao (MAC). Inatunga nyingine kwa kila mtandao. Ukitaka kumtengea bosi anwani maalumu kwa kutumia namba ya kadi ya simu yake, siku akifuta mtandao na kuunga upya utengaji unaweza kuvunjika. Namba ya kutungwa unaitambua kwa tarakimu ya pili: ikiwa 2, 6, A au E, si ya kiwandani. Ukihitaji utengaji udumu, mwambie kwenye simu, ndani ya mipangilio ya mtandao huo mmoja, achague namba halisi ya kifaa.

Wagawaji wawili

Hii ndiyo kesi kuu ya jiji hili, nayo huanza kwa nia njema. WiFi haifiki chumba cha nyuma. Mtu anakwenda Kariakoo, ananunua rauta ya elfu arobaini na kitu, anachomeka kebo kutoka kwenye swichi hadi kwenye mojawapo ya zile plagi nne za manjano. WiFi inafika. Anashukuriwa. Kuanzia hapo kila kifaa kinachoomba namba kinajibiwa na wawili: rauta ya faiba, na hii mpya ambayo haina intaneti yoyote mgongoni. Aliyejibiwa na ya kwanza anafanya kazi. Aliyejibiwa na ya pili ana WiFi yenye mistari yote na intaneti hana. Na kwa kuwa anayewahi hubadilika kila mara, leo anaumwa Asha, kesho Juma, keshokutwa wote wazima. Hakuna hitilafu inayofanana na uchawi kuliko hii.

Kumkamata ni rahisi ukiwa na mstari wa DHCP Server. Kutoka kwenye kompyuta iliyodanganywa, andika:

arp -a

Tafuta ile 192.168.1.1 na usome namba ya kadi iliyo mbele yake. Tarakimu sita za mwanzo humtaja mtengenezaji. Ukizitafuta utajua unawinda TP-Link, Tenda au nyingine. Kama swichi ni ya kusimamiwa (managed), fungua jedwali lake la namba za kadi, litakutajia mlango. Kama ni ile swichi ya plastiki ya milango minane, kaa kwenye kompyuta hiyo hiyo, anzisha:

ping -t 192.168.1.1

kisha mwenzako achomoe nyaya moja moja kwenye swichi. Majibu yakikatika, umeushika waya wenyewe. Ufuate. Utaishia juu ya kabati, nyuma ya boksi la karatasi za A4.

Aliyeweka nmap, programu ya kuchunguza mtandao, anaweza kuwaita wagawaji wote wajitokeze kwa mpigo mmoja:

nmap --script broadcast-dhcp-discover

Wakijibu wawili, una jibu. Anayependa kuona kwa macho afungue Wireshark, programu ya kutazama data inavyopita, na achuje kwa neno dhcp. Atayaona mapendekezo mawili yakifika kwa ombi moja, yakipishana kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Rauta ya pili usiitupe, ina kazi. Ichomoe kwenye mtandao, iunge na kompyuta moja tu, ingia kwenye mipangilio. Kwanza badilisha anwani yake ya ndani iwe ya mtaa mkuu lakini nje ya fungu: kama mtaa ni 192.168.100.x na fungu linaanzia .20, iite 192.168.100.2. Itajiwasha upya. Namba uliyokuwa nayo sasa haifai tena, kwa hiyo fanya ipconfig /renew, ingia kwa anwani mpya, ndipo uzime DHCP yake. Ukizima DHCP kwanza, baada ya hapo itabidi ujipe namba kwa mkono ili uingie; si mwisho wa dunia, ila ni usumbufu wa bure. Sasa rudisha kebo kwenye plagi ya manjano, si ile ya buluu ya WAN, ya kuingizia intaneti. Rauta nyingi za sasa zina hali ya kuwa kituo cha WiFi tu (Access Point), ambayo hufanya yote haya kwa kubonyeza mara moja. Kama ipo, itumie.

Wapo wanaotatua kwa kuhamishia kebo kwenye ile plagi ya WAN. Intaneti itapatikana, lakini umejenga mtaa ndani ya mtaa. Walio chumba cha nyuma wanaweza kutuma kazi kwenye printa ya mbele. Wa mbele hawaioni printa ya nyuma, na kuskani kwenda kwenye kompyuta kunagoma upande mmoja. Na kama rauta zote mbili zinatumia 192.168.1.x, rauta ya nyuma haijui intaneti iko upande gani. Baadhi hujibadilisha mtaa zenyewe, nyingine zinakwama.

Kwenye jengo la wapangaji wengi huwezi kupita kila duka ukipekua makabati. Hapo nunua swichi ya kusimamiwa na uwashe ulinzi wa DHCP (DHCP snooping): mlango unaoenda kwa mgawaji halali unaupa imani, mingine yote inaruhusiwa kuomba namba tu, si kugawa. MikroTik inao ulinzi huo kwenye daraja lake (bridge), na ina pia kengele ya kukutaarifu mgawaji wa kigeni akitokea. Ukiwa humo ndani soma na rekodi zake. Ukikuta maneno "offering lease" yakiishia na "without success", mgawaji anatoa ila mwombaji hapokei: ama mawimbi ya WiFi ni dhaifu, ama kuna kitu njiani kinameza majibu. Usipoteze muda kurekebisha DHCP.

Printa inastahili neno lake. Fundi aliyeiweka aliipa 192.168.100.105 kwa mkono, na .105 iko katikati ya fungu. Siku ambayo printa imezimwa, rauta inaona namba iko wazi, inampa mteja mwenye Samsung. Printa ikiwashwa, wawili wana namba moja. Inachapa asubuhi, inagoma mchana, inachapa tena mteja akiondoka. Anwani za vifaa visivyohama zitengwe kwenye rauta kwa namba ya kadi, au zikae nje ya fungu: .2 hadi .19 zinatosha ofisi nyingi.

Namba ipo, jina halifunguki

Sasa tuseme mistari yote minne iko sawa. Jaribu:

ping 8.8.8.8

Hiyo ni seva ya DNS ya Google. Ikijibu, njia ya kwenda duniani ipo. Kisha:

nslookup tra.go.tz

Mistari miwili ya juu ya jibu inataja ni nani aliyeulizwa. Isome kabla ya kitu kingine chochote. Halafu muulize mwingine, 1.1.1.1 ya Cloudflare, swali lile lile:

nslookup tra.go.tz 1.1.1.1

Yako majibu mabaya ya aina tatu, na hayafanani. "Timed out" maana yake aliyeulizwa yuko kimya: amezimwa, au mlango wa 53, unaopitisha maswali ya DNS, umezibwa njiani. "Non-existent domain" maana yake amejibu, tena kwa uhakika, kwamba jina hilo halipo: angalia kama umeliandika vibaya au kama unamuuliza wa nje jina la ndani ya ofisi. "Server failed" maana yake amejaribu kutafuta akashindwa huko mbele, na huenda tatizo ni la wenye jina wenyewe. Mtoa huduma akiwa kimya na 1.1.1.1 akijibu, umempata mkosaji. Wote wawili wakiwa kimya huku ping inapita, kuna ukuta unaozuia mlango wa 53.

Mara nyingi anayeulizwa ni rauta yenyewe. Inajitangaza kuwa DNS, kisha inapeleka maswali kwa mtoa huduma. Ikizidiwa, sehemu hiyo hufa kwanza huku mengine yakiendelea, ndiyo maana WhatsApp iliyokwisha kuunganishwa inaendelea kuingiza meseji wakati tovuti zote zimegoma. Ndani ya mipangilio ya DHCP unaweza kuiambia iwagawie watu 1.1.1.1 na 8.8.8.8 moja kwa moja badala ya namba yake. Kwa nyumba na maduka ni suluhisho zuri.

Kwa ofisi yenye seva ya ndani ni kosa kubwa. Wengi huweka seva ya ofisi kuwa DNS ya kwanza na 8.8.8.8 kuwa ya pili, wakidhani ya kwanza ikikosa jina, ya pili itaulizwa. Haiendi hivyo. Ya pili huulizwa pale tu ya kwanza isipojibu kwa wakati. Jibu la "jina halipo" nalo ni jibu, na utafutaji unaishia hapo. Mbaya zaidi, seva ya ofisi ikichelewa kidogo, Windows inahamia 8.8.8.8 na kubaki nayo kwa muda, na Google haijui folda lenu la uhasibu liko wapi. Watumishi wanashindwa kuingia kwenye kompyuta zao saa mbili asubuhi, saa tatu wanaingia. Kompyuta za ofisi zipewe seva za ndani peke yake, na hizo seva ndizo zipeleke maswali ya nje. Ukiogopa moja kufa, weka mbili za ndani.

Na jina la mtandao wa ndani lisiishie na .local. Mwisho huo ulitengwa mwaka 2013 kwa ajili ya vifaa vinavyotafutana vyenyewe bila seva, kama printa na simu, kupitia mlango wa 5353. Ofisi ikiutumia, Mac na Linux zinaweza kuuliza majirani badala ya kuuliza seva. Tumia tawi la jina ulilosajili, au .internal ambao ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliutenga mwaka 2024 kwa kazi hii.

Kuna wakati nslookup inatoa jibu sahihi lakini ping ya jina lile lile inakwenda kwingine. Hiyo ni kwa sababu nslookup inamuuliza seva moja kwa moja, wakati ping inapitia kwanza kumbukumbu ya Windows na faili la hosts. Safisha kumbukumbu kwa ipconfig /flushdns, halafu fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Notepad. Kwenye kompyuta za steshenari utakuta mistari iliyoongezwa na programu za kudukuliwa, zile zinazokuja kwenye flashi na maelekezo ya "zima antivirus kwanza". Mistari isiyo na alama ya # mwanzoni ambayo hakuna anayeikumbuka, ifute.

Simu moja kugoma wakati nyingine zote ni nzima? Kama ni Android 9 au zaidi, ingia sehemu ya mtandao, palipoandikwa Private DNS. Kuna watu waliweka jina la seva hapo ili kuzuia matangazo. Likiwekwa jina, simu hutumia mlango wa 853 na haikubali njia nyingine. Mtandao unaoziba mlango huo unaifanya simu ione hakuna intaneti kabisa. Rudisha iwe ya kujichagulia yenyewe. Kivinjari nacho kinaweza kuwa na DNS yake ya siri, kwa hiyo Firefox kufungua tovuti si ushahidi kwamba DNS ya kompyuta ni nzima.

Saa ya kompyuta haionekani kuhusika, lakini itazame. Kompyuta za mtumba zinazouzwa mjini mara nyingi betri ya ubaoni imekwisha; ukikatika umeme zinarudi miaka ya nyuma. Majina yanatafsirika vizuri, ping inapita, lakini kila tovuti yenye kufuli inakataa kwa sababu cheti chake kinaonekana hakijaanza kutumika. Betri ni CR2032, ya volti 3, inapatikana hata kwa fundi saa.

Mwisho kuna siku ambazo ndani ni salama kabisa. Lango linajibu, mgawaji ni yule yule, anwani ni halali, ila 8.8.8.8 haijibu na tracert, amri inayoonyesha njia hatua kwa hatua, inakufia hatua ya pili au ya tatu, nje ya ukuta wenu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoguswa. Siku ya namna hiyo tovuti iliyohifadhiwa humu nchini inaweza kufunguka wakati za nje zimelala, hata kama zote mbili zinaishia na .tz. Andika saa tatizo lilipoanza, piga picha ya ile tracert, mpigie mtoa huduma umsomee inapokatikia. Rauta iache iwake.